Vitabu vya Wasasi na Maadui Wake Kisiwani Chole

Vitabu vya wasasi ni vile vilivyoandikwa na watu waliokuja Afrika na bunduki, wakaondoka na pembe, kisha uzeeni, magoti yalipogoma, wakakaa kitako kusimulia. Vingi viliandikwa kwa Kiingereza, kuanzia miaka ya 1880 mpaka baada ya uhuru. Ndani yake tembo hufa kwa mamia, nyati hujeruhiwa akajificha kichakani, na chai huwa tayari kila bwana anaporudi kambini. Anayeichemsha hatajwi, au akitajwa jina lake limeandikwa kimakosa.

Chole ni mahali pa ajabu pa kukusanyia vitabu hivyo. Ni kisiwa kidogo ndani ya ghuba, upande wa mashariki wa Mafia, na mtu anaweza kukizunguka kwa miguu asubuhi akarudi chapati zingali za moto. Hakina gari, hakina simba, wala kilima cha kupanda ili kumchungulia simba. Mnyama wake mashuhuri ni popo mkubwa mla matunda, anayening'inia mitini mchana kutwa akigombana na jamaa zake, na hakuna anayemlenga kwa bunduki. Mkusanyaji wa vitabu vya wasasi anayejulikana kisiwani ni mmoja tu, mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kushika hata gobole. Huwinda akiwa kitandani, kitanda chenyewe cha kamba, miwani puani na taa ya sola juu ya kichwa.

Hata hivyo Chole haiko mbali na mambo yenyewe. Mto Rufiji unamwaga maji yake karibu mkabala na Mafia, na huko juu, katika pori la Beho Beho, ndiko alikozikwa Frederick Courteney Selous, aliyekuwa bingwa wa wasasi wote wa Kiingereza. Alikuwa na miaka 65 alipouawa kwa risasi tarehe 4 Januari 1917, akipigana na Wajerumani. Pori likapewa jina lake mwaka 1922, ingawa wenyeji walikuwa na jina lao tamu zaidi, Shamba la Bibi. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mizinga nayo iliwahi kulia karibu: Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, iliangamizwa na Waingereza kwa msaada wa ndege zilizoruka kutoka Mafia. Chole penyewe Wajerumani walikuwa wamepafanya makao yao kabla ya kuhamia Kilindoni mwaka 1913. Magofu yao yapo hadi leo, yamekumbatiwa na mizizi, na mojawapo lilikuwa likifungiwa mbuzi. Mbuzi huyo atarudi katika maelezo haya.

Mkusanyaji wa aina hii hazaliwi, huambukizwa. Huyu wa Chole aliupata ugonjwa akiwa shule, kutoka katika *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1929 ya riwaya ya Rider Haggard. Shujaa wake, Allan Quatermain, ni msasi mfupi, mwoga kwa maneno yake mwenyewe, ambaye kila akisema anaogopa mnyama fulani, mnyama huyo ndiye anayekufa. Wengi husema Haggard alichota sura ya Quatermain kutoka kwa Selous. Mwalimu aliposikia hayo ukubwani, akamtafuta Selous mwenyewe, na tangu hapo mshahara, na baadaye pensheni, havikukaa sawa.

Nakala yake ya *A Hunter's Wanderings in Africa*, kitabu cha Selous cha mwaka 1881, ni chapa ya karibuni isiyo na jalada. Aliinunua Dar es Salaam kwenye vitabu vilivyotandazwa chini pembeni mwa barabara, kati ya kitabu cha upishi na mwongozo wa kutengeneza pikipiki. Muuzaji aliifunga pamoja na mwongozo huo kwa bei moja. Chole hakuna pikipiki ya kutengeneza, lakini mwongozo ndio unaoazimwa zaidi.

Selous pia aliandika dibaji ya *The Man-Eaters of Tsavo* cha J. H. Patterson, kilichotoka mwaka 1907. Hicho kila mtu wa Afrika Mashariki anakijua hata kama hakukisoma: mwaka 1898 simba wawili waliwala wajenzi wa reli penye daraja la Tsavo, mpaka Patterson akawapiga risasi mwezi Desemba. Kinachosahauliwa ni kilichowapata baadaye. Aliwafanya mazulia, wakakanyagwa kwa robo karne, kisha mwaka 1924 akaliuzia jumba la makumbusho la Field, Chicago, ngozi hizo kwa dola 5,000. Nakala ya Chole ilielekea njia hiyohiyo. Mke wa mwalimu aliiona ina unene unaofaa, akaiweka chini ya mguu mfupi wa kabati la vyombo. Ilikaa hapo miezi saba. Ilipotakiwa, kabati liliinama, sahani nne zikavunjika, na tangu siku hiyo hesabu ya wahanga wa simba wa Tsavo, ambayo wataalamu wanabishania mpaka leo, katika nyumba hiyo huanza na nne.

Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, alishuka Mombasa Aprili 1909 na mwanawe Kermit, na kitabu chake *African Game Trails* kikatoka mwaka uliofuata. Wawili hao waliangusha wanyama 512, na kitabu kinawaorodhesha kwa usafi wa daftari la duka. Kinachomvutia mkusanyaji zaidi ni kwamba Roosevelt naye alisafiri na maktaba. Vilikuwa vitabu kama 60, vimepakiwa katika sanduku la aluminiamu ili viwe mzigo wa mpagazi mmoja, navyo vilijalidiwa kwa ngozi ya nguruwe, kwa hoja kwamba ngozi nyingine haistahimili jasho, damu, vumbi na mafuta ya bunduki. Hoja ni nzuri. Kosa la mwalimu lilikuwa kuisimulia barazani baada ya sala ya alasiri.

Tangu siku hiyo hakuna jalada la kahawia lililoingia kisiwani bila kushukiwa. Jirani yake, mtu wa dini na wa heshima, aliyezoea kupita jioni kuangalia picha za tembo, alikaa wiki mbili bila kugusa kitabu. Aliporudi alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mwalimu, hiki ngozi ya nini?"

"Hiki kadibodi, Shehe."

"Na kile?"

"Kile plastiki."

"Basi nifunulie wewe. Mie nitatazama."

Utaratibu huo umedumu. Mwalimu hufunua, jirani hutazama, na kitabu kikiwa kinene mwalimu huumwa kidole gumba.

Lakini ugomvi mkubwa na Roosevelt ni wa lugha. Anaeleza kwamba wapagazi walimwita yeye "Bwana Makuba" na mwanawe "Bwana Merodadi". Mtu aliyesahihisha madaftari ya Kiswahili kwa miaka 34 hawezi kuyapita hayo kimya. Mwalimu alichukua kalamu nyekundu: Mkubwa. Maridadi. Alipofika mwisho, kurasa nyingi zilikuwa na alama za wino, na chini ya ukurasa wa mwisho kulikuwa na alama 38 kwa 100 na neno "Jitahidi". Wanunuzi wa vitabu vya zamani husema maandishi ya pembeni hushusha thamani. Haya, kwa maoni ya anayeandika maelezo haya, yanaipandisha.

Kundi la pili ni la waandishi wa bunduki zenyewe, na hapa mambo hunoga. John Taylor, Mwailandi aliyejulikana kama Pondoro, aliwinda miaka mingi Msumbiji, mara nyingi bila kibali, na mwaka 1948 akatoa *African Rifles and Cartridges*. Ni kitabu kinachopanga bunduki kwa ukubwa wa mtutu na kueleza ipi inamfaa nani. Kilipofika kwa posta kutoka ng'ambo, karatasi iliyobandikwa juu ya kifurushi ilitaja jina la kitabu na si zaidi. Katika bandari moja ya bara, kijana wa ukaguzi aliisoma mara mbili, akamwita mwenzake, kisha akamgeukia mwalimu.

"Mzee, hapa pameandikwa bunduki."

"Ni kitabu, mwanangu."

"Na risasi?"

"Nazo zimo kitabuni."

Jibu hilo halikusaidia. Kifurushi kilifunguliwa mbele ya abiria wa chombo kizima, kikatikiswa, na mwisho kijana akakisoma ukurasa mmoja, akauliza kama kipo cha Kiswahili. Abiria walikuwa wamekwisha pata habari yao. Mwalimu alipovuka na kufika Chole, habari ilikuwa imemtangulia: ameleta bunduki. Jioni hiyo walikuja watu watatu kumwomba awapigie kunguru.

Kinachompa Taylor heshima yake ni kanuni aliyoibuni ya kupima kishindo cha risasi: chukua uzito wa risasi kwa greni, zidisha kwa mwendo wake kwa futi katika sekunde, zidisha kwa upana wake kwa inchi, gawanya kwa 7,000. Bunduki ya .600, iliyotengenezwa kwa ajili ya tembo na inayomtegua bega asiyeizoea, hupata kama 150. Mwalimu aliisoma kanuni hiyo akiwa amekaa chini ya mnazi, jambo ambalo mtu wa pwani hakupaswa kulifanya. Nazi ilianguka hatua moja kutoka kwenye kiti chake, ikazama mchangani nusu. Mkewe alitoka mbio na maji ya kunywa. Alimkuta mumewe yuko salama, amepiga magoti, anaipima nazi kwa rula.

Hesabu ilikwenda hivi. Nazi yenye kumbi, kilo moja na nusu, ni zaidi ya greni 23,000. Mnazi ulikuwa wa kama mita 20, kwa hiyo nazi ilifika chini ikienda karibu futi 65 kwa sekunde. Upana wake inchi 8. Jibu: kama 1,700. Kwa kipimo cha Pondoro, basi, nazi moja ya Chole ina kishindo cha karibu bunduki 11 kubwa za tembo zikilipuliwa kwa pamoja. Ama kanuni ina kasoro, ama wasasi walihangaika bure kubeba mizigo wakati wangeweza kuwangojea tembo minazini. Kiti kilihamishwa.

Aliye kinyume cha Taylor ni W. D. M. Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880 na aliyewinda Karamoja, Uganda, mpaka akaitwa kwa jina la eneo hilo. Bell hakuamini mitutu minene. Alitumia sana bunduki nyembamba ya .275, ambayo kwa kanuni ileile hupata kama 16 tu, yaani chini ya sehemu moja ya mia ya nazi, na aliua tembo zaidi ya 1,000. Siri yake ilikuwa kujua ubongo ulipo. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili auone, kisha akachora, kwani alikuwa mchoraji hodari. Leo mtu husoma idadi hiyo akakunja uso, na ni haki yake. Lakini mwandishi anayekuonyesha kwa penseli alichokifanya, bila kukificha na bila kujisifu sana, ni nadra katika kundi hili. *The Wanderings of an Elephant Hunter* cha mwaka 1923 ndicho kito cha mkusanyo wa Chole. Au kilikuwa, kama itakavyoelezwa.

C. J. P. Ionides anapendwa kwa sababu nyingine: ni wa karibu. Aliishi Liwale, akaanza kama mwindaji haramu wa pembe, akaishia mlinzi wa pori la Selous, na mwishoni akawa mkamata nyoka aliyejulikana kama Bwana Nyoka. Kumbukumbu zake, *A Hunter's Story*, zilitoka mwaka 1965. Mjukuu wa mwalimu, baada ya kusimuliwa habari za fira na songwe, alichora nyoka wa kijani juu ya jalada, amejikunja vizuri, ulimi nje. Kitabu kikaachwa kizingitini wakati wa magharibi. Bibi akatoka jikoni na mchi. Pigo lilikuwa moja, nalo lilifika; Bell mwenyewe asingelenga vizuri zaidi. Mgongo wa kitabu umevunjika sura ya tano, na kila kinapowekwa mezani hujifungua hapo chenyewe.

Ni lazima kusema neno juu ya mwandishi ambaye wakusanyaji wa Ulaya na Marekani humruka, kwa kuwa hakuandika kwa Kiingereza. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyezaliwa Unguja, alisafiri bara kutafuta pembe za ndovu, na pia alifanya biashara ya watumwa, jambo lisilofaa kufunikwa. Maisha yake aliyasimulia kwa Kiswahili, yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya kifo chake mwaka 1905. Jina lake la Tippu Tip, kwa maelezo yake, lilitokana na mlio wa bunduki zake. Kati ya waandishi wa Kiingereza waliotajwa hapa hakuna aliyepewa jina na bunduki yenyewe. Naye haandiki kama msasi: hakuna machweo, hakuna moyo kudunda, hakuna kumtazama tembo machoni. Kuna frasila ngapi, kwa bei gani, nani alidanganya mizani. Barazani ndicho kitabu pekee kinachosomwa kwa sauti, na kila mara kinazua ubishi wa bei.

Kuhusu utunzaji, maadui ni wengi kuliko waliomo vitabuni. Hewa ya chumvi huvimbisha karatasi, masika huleta ukungu, panya hupenda gundi, mende hupenda jalada, na mchwa hupenda vyote bila ubaguzi. Mchwa wa Chole walimaliza mkusanyo wa kwanza, vitabu tisa, kwa muda wa safari moja ya mazishi. Waliacha majalada yamesimama rafuni kama nyumba zisizo na watu, na mwalimu alikuwa amekwisha mwonyesha mgeni kwa mbali kabla ya kugundua. Dawa ya asili, majani makavu ya mwarobaini na karafuu katikati ya kurasa, inasaidia, ila vitabu hunukia pilau na wasomaji huondoka mapema kwenda kula.

Friji bovu ndilo kabati bora mpaka sasa. Mlango wake hufunga vizuri na mchwa hawana meno ya chuma. Tatizo ni wageni: anayetaka maji ya baridi hufungua, akakutana na Selous.

Adui wa mwisho ni bahari, na huyo ndiye aliyeharibu kitabu cha Bell. Mwalimu alikuwa akitoka Utende, huko Mafia kwenyewe, wakati wa bamvua, maji yamekupwa mbali, mashua ikasimama nje, abiria wakashuka kutembea. Kitabu kilikuwa kichwani pamoja na viatu. Kati ya viwili hivyo aliokoa viatu, kwa mazoea. Kitabu kikaanikwa juu ya ukuta wa gofu, kurasa wazi, na yule mbuzi, ambaye kamba yake ilikuwa ndefu kuliko ilivyodhaniwa, akaanza na ukurasa wa 41. Alipofukuzwa alikuwa amefika wa 44.

Kilichobaki kikaazimwa na fundi wa mashua. Hakujua Kiingereza, lakini aliipenda michoro. Alilitazama fuvu lililopasuliwa akasema aliyechora angeweza kukata mataruma. Alikaa nacho kaskazi nzima uwanjani, kati ya misumari na pamba ya kalafati, kikarudi kutazamwa mara moja tu, kimejaa sifa. Si sifa za wahakiki. Ni ile ya maini ya papa, inayopakwa vyombo visile na maji, na harufu yake haitoki. Mwalimu alifurahi kimoyomoyo kwamba mchwa hawatakigusa tena. Fundi akakiomba kwa wiki moja zaidi, akamwazima nahodha mmoja aliyetaka kumwonyesha mwanawe tembo, na nahodha akatweka tanga kuelekea kusini.

Aliye nacho anaombwa akirudishe, hata kwa mashua ya samaki. Amkabidhi yeyote anayevuka kwenda Chole, hataulizwa jina. Kitatambulika kwa harufu. Kurasa za 41 mpaka 44 hazidaiwi: alizila mbuzi, na mbuzi mwenyewe aliliwa Idi.